Rubani wa wastani hakuwepo

UMEWAHI kubebwa kwa bodaboda huku helmeti ikikupwaya, ukaishika kwa mkono safari nzima? Sasa fikiria uko angani ndani ya ndege ya kivita, na kisichokutosha ni kiti chenyewe.

Hayo yaliwakuta marubani wa jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Ajali zilizidi, injini zikikaguliwa hazina kasoro, lawama zote kwa rubani. Kumbe vyumba vya urubani viliundwa kwa vipimo vya wastani vya marubani wa 1926. Wakubwa wakadhani miili imekua tu, wastani upimwe upya.

Mwaka 1950 wakapimwa marubani 4,063. Luteni Gilbert Daniels, kijana wa miaka 23, akajiuliza: ni wangapi walio wa wastani katika vipimo vyote 10, kuanzia urefu hadi kifua? Jibu likawa sufuri. Hata mmoja! Mwenye mikono mirefu ana miguu mifupi, mwenye kifua kipana ana kiuno chembamba.

Jeshi likabadili mbinu. Viti, pedali na mikanda vikaanza kuundwa kwa namna ambayo kila rubani angejirekebishia.

Wewe unayeunda aplikesheni, ukiijaribu na mabeshte zako pekee, umewatengenezea wanaofanana nawe. Mpe shosho. Mpe jamaa asiyeona vizuri. Mpe mwenye simu ya skrini iliyopasuka. Akikwama, usikimbilie kusema hajui simu. Hata wale marubani waliambiwa hawajui kuendesha ndege.