Je, wajua? Siri ya Prius ni injini dhaifu

Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, wengi waliona betri na mota ya umeme, wakaamini kwamba hapo ndipo petroli inapookolewa. Lakini betri ile haikuchomekwa kwenye soketi popote. Umeme wake wote asili yake ni petroli ileile iliyo tangini. Basi akiba inatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka kwenye injini yenyewe, ya lita 1.5, inayofuata mzunguko uliobuniwa na Mwingereza James Atkinson miaka ya 1880. Katika injini ya kawaida, pistoni ikisukumwa chini na mwako hufika mwisho wa safari yake wakati gesi bado ina shinikizo. Valvu hufunguka, na nguvu ile hutokea kwenye ekzosi bure. Atkinson alitaka gesi ipanuke zaidi kabla ya kutolewa, na alilipata hilo kwa mikono ya vyuma yenye mpangilio mgumu. Wahandisi wa Toyota walichelewesha tu kufunga valvu ya kuingizia hewa: pistoni inapoanza kupanda, sehemu ya hewa hurudi ilikotoka. Kinachobaki hukandamizwa kwa safari fupi, kisha husukuma pistoni kwa safari ndefu.

Gharama yake ni nguvu. Silinda inayopata hewa kidogo hutoa msukumo kidogo, hasa gari linapoondoka au kupanda mlima. Peke yake, injini hii ingemchosha dereva. Mota ya umeme ndiyo inayoiokoa, kwa kuwa yenyewe huwa na msukumo wake mkubwa tangu gurudumu halijaanza kuzunguka.

Kinachoziunganisha, kwangu mimi, ndicho kizuri kuliko vyote: seti moja tu ya gia. Gia ya katikati imeungwa na jenereta. Ya nje imeungwa na mota na magurudumu. Na zile ndogo zinazozunguka baina yao zinaendeshwa na injini. Hakuna klachi, wala gia za kupandisha na kushusha. Kompyuta ikibadili kasi ya jenereta, injini hubaki kwenye mzunguko unaoifaa hata magurudumu yakienda polepole. Kazi ikiwa ndogo mno, injini huzimwa kabisa. Kwa njia hii, injini ya Prius ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2015, inaweza kugeuza hadi asilimia 40 ya nishati ya petroli kuwa kazi.

Halafu kuna breki. Dereva akikanyaga, mota hugeuka jenereta na kurudisha betrini sehemu ya mwendo ambao zamani uliishia kuwa joto kwenye pedi. Ndiyo maana Prius na ndugu yake, Toyota Aqua, zilizotumika Japani hung'ara katika foleni za Nairobi na Dar es Salaam, penye kusimama na kuondoka kila mara. Kwenye barabara kuu, mbio zikiwa zilezile kwa saa nzima, faida hiyo hupungua sana.

Mwenye gari la aina hii atazame tundu la hewa lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Feni huvuta hewa ya ndani kupitia hapo ili kupoza betri. Vumbi likijaa, au mzigo ukiliziba, betri hupata joto, na joto ndilo linaloizeesha mapema.