Je, Wajua? Plagi ghali huenda isiifae Land Rover ya zamani

Je, wajua kwamba katika Land Rover Series III ya petroli, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kiwango cha joto cha plagi kina uzito zaidi kuliko madini ya ncha yake? Ncha hiyo inapaswa kufikia takriban nyuzi 500 za sentigredi ili iunguze masizi yenyewe. Ikipita 800 hivi, mchanganyiko wa petroli na hewa huweza kuwaka kabla ya cheche. Na hapa namba ya kiwango cha joto huwapotosha wengi: kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Champion na Bosch ni ya moto zaidi. Kubadili chapa bila jedwali la ulinganisho ni kubahatisha na injini.

Wapo watakaosema plagi ghali za ncha ya iridiamu hudumu zaidi na huhitaji volti ndogo kutoa cheche. Ni kweli, na kwa injini iliyo safi hoja hiyo ni nzito. Lakini injini ya kabureta iliyochoka, yenye ringi zinazopitisha oili, huchafua plagi muda mrefu kabla ncha haijalika, hivyo uimara uliolipiwa hautumiki. Plagi ya kawaida ya nikeli, yenye kiwango cha joto alichokitaja mtengenezaji, husafishwa kwa brashi na kupimwa upya mwanya wake, jambo ambalo ncha nyembamba ya iridiamu haivumilii.