Vyombo vya Mekoni mwa Wafaransa

Ukipita katika masoko ya vitu vya kale nchini Ufaransa, kama lile la Saint-Ouen kaskazini mwa Paris, hukosi kukuta kiguzo cha chuma kilichotundikwa vyombo vinne: fimbo ya kuchochea moto, koleo la kushikia makaa, sepetu ya majivu na kifagio. Vishikio vyake vinang'aa kwa shaba ya manjano. Muuzaji atakwambia ni kazi ya miaka ya 1950, na bei yake si ndogo. Asiyejua huuziwa chuma kilichopakwa akidhani amepata shaba.

Kwanza, kwa nini madini mawili? Meko ya Wafaransa hujengwa ukutani, moshi ukapanda dohani. Magogo hayalazwi sakafuni, bali juu ya vyuma viwili vyenye miguu, ili hewa ipite chini yake. Kinachobeba magogo lazima kiwe chuma, kwa kuwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ilhali hata chuma cha kusubu huhitaji zaidi ya 1,100. Basi shaba huwekwa mbele, macho ya wageni yanapofika, na mwishoni mwa fimbo, mkono unaposhika. Wako wanaodhani kuwa shaba haipati moto upesi. La hasha! Hupitisha joto kuliko chuma. Kinachouokoa mkono ni urefu wa fimbo.

Miaka hiyo ya 1950 nayo ilikuwa na mambo yake. Tarehe 1 Februari 1954, padri aliyejulikana kwa jina la Abbé Pierre alitangaza katika Radio Luxembourg kwamba mwanamke mmoja amekufa kwa baridi barabarani, papo hapo Paris. Akaomba mablanketi 5,000, mahema makubwa 300 na majiko 200. Nyumba nyingi za Wafaransa wakati huo hazikuwa na mabomba ya kupasha joto. Wenye uwezo walikuwa nayo, na kwao moto wa sebuleni ulikwisha kuwa pambo. Ndio waliowapa kazi mafundi wa chuma kama Gilbert Poillerat. Ndiyo sababu katika seti nyingi za zama hizo fimbo ni nyembamba na shaba ni nyingi.

Sasa, ukienda kununua, chukua sumaku ndogo. Ikinasa kwenye kishikio, huenda ndani ni chuma kilichovishwa shaba. Lakini usimwite mtu mwizi upesi, maana pengine imenaswa na parafujo iliyo ndani. Jaribu pande zote. Kisha pindua vile vyuma vya kulazia magogo. Vilivyofanya kazi utavikuta vimelika na kukonda pale makaa yalipokaa. Vilivyo sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, ama ni vipya, ama havikuonja moto. Mimi ningechukua vilivyolika, maadamu bado vinabeba gogo.

Nyumbani, shaba isugue kwa ndimu na chumvi, uisuuze na kuikausha papo hapo. Chuma usikitie maji: kisugue kwa brashi kavu, ukipake mafuta kidogo.