Kabla Jina Halijaingia Katika Daftari la Watoro

Mwanafunzi aachaye shule huwa ameanza kuondoka moyoni muda mrefu kabla kiti chake hakijabaki kitupu. Kipindi hicho cha kuwaza ndicho kinachofaa zaidi kwa msaada, na ndicho kinachopita bila kuonwa.

Mkoani Singida, lawama huelekezwa kwa mifugo, mashamba ya alizeti, umbali wa shule na ndoa za utotoni. Ni sababu za kweli. Lakini hata baada ya ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne kufutwa katika shule za umma, Januari 2016, kimebaki kizuizi kisicholipiwa fedha: jinsi mwanafunzi anavyojiona.

Wataalamu wa saikolojia hutenganisha mambo mawili. Kujithamini ni namna mtu anavyoupima utu wake kwa jumla. Morris Rosenberg wa Marekani alilitungia dodoso la sentensi 10 mwaka 1965, nalo lingali likitumika. Kuamini uwezo wako, dhana aliyoifafanua Albert Bandura mwaka 1977, huhusu kazi mahususi: je, hili naliweza? Kijana anaweza kuwa mchungaji hodari, mwenye heshima nyumbani, huku akiamini kwamba fizikia haimhusu kabisa. Si ajabu akachagua ng'ombe.

Kidato cha Kwanza huweka jambo hili wazi. Mtoto wa Ikungi au Mkalama huenda huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, na shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Ghafla karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Aliyezoea kunyoosha mkono hunyamaza. Asipoelezwa kuwa kikwazo ni lugha, hudhani ni akili yake, na kejeli za wenzake humthibitishia hivyo. Sifa tupu hazimponyi. Kwa mujibu wa Bandura, imani hujengwa zaidi na mafanikio yenyewe, hata madogo, kisha na kumwona mwenzake wa hali moja akifaulu.

Msichana anayerejea darasani baada ya kujifungua, kama Serikali ilivyoruhusu Novemba 2021, anaweza kuwa na shida iliyo kinyume. Hesabu anaziweza, kinachomwelemea ni kujiona hana thamani. Masomo ya ziada hayatamfaa kama mwalimu bado anamtolea mfano mbaya.

Katika zahanati, wazo hili huja limevaa vazi la ugonjwa: kichwa au tumbo linalouma kila Jumatatu na kupona wakati wa likizo. Mhudumu apime kwanza malaria, upungufu wa damu na macho, kwa kuwa asiyeona ubao naye hujiita mjinga. Kisha amuulize mwanafunzi, wakiwa faragha: "Umewahi kufikiria kuacha shule? Ni lini ulianza?" Jibu lisikilizwe bila karipio. Likionyesha kukata tamaa ya maisha au nia ya kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini.