Seli za Glia na Ujenzi wa Ubongo wa Inzi wa Matunda

Vijinzi vyenye macho mekundu ambavyo wakati wa joto huzunguka maembe na ndizi zilizoiva kupita kiasi, iwe katika meza za soko la Edmonton Green, kaskazini mwa London, au katika jikoni yoyote ya Dar es Salaam, ni miongoni mwa wanyama waliochunguzwa kwa kina zaidi katika historia ya bayolojia. Jina lao la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na wasichanganywe na yule inzi mharibifu aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, ambaye hutoboa embe likiwa bado mtini, ilhali hawa hufuata chachu ya tunda lililokwisha kuanza kuoza. Asili yao ni Afrika: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta porini nchini Zimbabwe wakiishi kwa kutegemea matunda ya mng'ongo, na kutoka bara hilo wameenea duniani wakifuatana na binadamu na vyakula vyake.

Mfumo wa neva wa inzi, kama ule wa binadamu, una aina kuu mbili za seli, yaani nyuroni, zinazopokea na kupeleka taarifa, na glia, zinazozizunguka nyuroni hizo, kuzilisha na kusafisha mabaki yake. Rudolf Virchow, mtaalamu wa Kijerumani aliyezieleza glia katikati ya karne ya 19, aliziona kama kitu cha kushikanisha tu, na mtazamo huo ulidumu muda mrefu kuliko ulivyostahili. Inzi ametoa ushahidi mzito wa kuupinga, hasa kupitia macho yake.

Kila jicho la inzi limeundwa na vijicho vipatavyo 750, na kila kijicho kina seli 8 za kupokea mwanga. Wakati inzi angali buu, seli hizo huchipuza nyuzi ndefu, ziitwazo aksoni, zinazosafiri hadi ubongoni, na wakati huohuo glia huhama kuelekea upande wa pili, zikitoka ubongoni na kuingia katika jicho linalojengwa, ambako huzifunika aksoni hizo. Aksoni zikifika katika sehemu ya ubongo iitwayo lamina, huchochea seli changa za hapo kujipanga katika safu, safu moja kwa kila kijicho, na hatimaye kila safu huwa na nyuroni 5, ambazo wataalamu wamezipa majina ya L1 hadi L5. Ulinganifu huo si jambo dogo, kwa kuwa ndio unaouwezesha ubongo kuhifadhi mpangilio wa kile ambacho jicho limekiona.

Ilijulikana kwamba seli za jicho hutoa protini ya kuchochea ukuaji, EGF, na ilidhaniwa kwamba protini hiyo huziamuru moja kwa moja seli changa za lamina kuwa nyuroni. Mwaka 2017 Vilaiwan Fernandes, Claude Desplan na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba sivyo: zinazoipokea EGF ni glia zinazofunika aksoni, nazo hujibu kwa kutoa protini za jamii ya insulini, ambazo ndizo zinazozigeuza seli changa kuwa nyuroni. Glia hapa ni mshenga asiyefikisha maneno kama alivyotumwa, bali huyageuza kwa lugha yake na kuyapeleka kwa wakati anaoujua yeye. Kupitia kwake ndipo inapoeleweka kwa nini safu hujipanga kwanza na seli zake zikachelewa kukomaa.

L5 ina habari yake. Fernandes alihamia baadaye katika chuo kikuu cha University College London, na mwaka 2022 kundi lake lilieleza kwamba kila safu huanza na seli changa zipatazo 6, lakini moja hufa. Chini ya lamina kuna glia kubwa ambazo, zikipokea EGF kutoka kwa seli za jicho, hutoa ishara zaidi ya moja kwa ajili ya kuikomaza L5. Seli changa iliyo karibu zaidi na glia hizo hukomaa, kisha yenyewe hudhoofisha ishara ile isiifikie jirani yake wa juu, na jirani huyo, akiikosa, hufa. Mtu angeweza kudhani kwamba seli inayokufa ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Lakini watafiti walipozilazimisha seli zote za lamina kukomaa, seli hiyo ya sita nayo ilikuwa L5, sawa na ile iliyoachwa hai.