Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Siku Tatu za Kwanza Ndizo Zinazoamua

Mackinnon Road ni mji wa njia. Reli na barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi zimepita hapo, na malori ya mifugo yanayoshuka kutoka bara huupita yakielekea Mariakani na Mombasa. Nje ya mji, kuelekea Taru na Kilibasi, ni nchi kavu ya malisho ambako familia nyingi hutegemea zizi kuliko shamba. Ukipanda barabara kidogo unafika Bachuma, ndani ya Kaunti ya Taita Taveta, ambako serikali ya kitaifa ilitenga ardhi kwa ajili ya karantini ya mifugo ya kuuzwa ng'ambo. Kiangazi kinapozidi, wafugaji kutoka Tana River na Garissa hufika na makundi yao wakitafuta nyasi. Makundi hayo hukutana na ya wenyeji kwenye silanga, ng'ombe kwa ng'ombe, mdomo kwa mdomo.

Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwa njia hizo hizo. Ndiyo sababu wataalamu wa mifugo huitazama wadi hii kwa makini, na ndiyo sababu mfugaji mmoja wa hapa anayepiga simu mapema huwasaidia watu ambao hatawahi kuwaona, hadi kwa wenye ng'ombe wa maziwa kule Matuga, Diani na Msambweni.

Ugonjwa wenyewe wengi wanaujua kwa macho. Ng'ombe hupata homa, huacha kula, hudondosha udenda mrefu na kutafunatafuna kama aliyeshika kitu mdomoni. Ukimfungua kinywa unaona malengelenge kwenye ulimi na fizi. Mengine hutokea katikati ya kwato, naye huanza kuchechemea, na kwa ng'ombe wa maziwa hutokea pia kwenye chuchu. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya mnyama kuambukizwa. Tatizo ni kwamba huanza kuambukiza wenzake kabla ya hapo: katika maziwa, virusi vinaweza kuwemo hadi siku nne kabla ya dalili ya kwanza kuonekana.

Ng'ombe mzima hafi kwa urahisi kwa ugonjwa huu, na hapo ndipo watu hupotoka. Baada ya wiki mbili au tatu wengi husimama tena na kula, na mwenye mali husema yamepita. Lakini ndama hufa ghafla, bila hata lengelenge moja, kwa sababu virusi hushambulia moyo. Maziwa hupungua na mara nyingi hayarudi kama zamani. Maksai wa kulimia hupata vidonda vya kwato msimu ambao mvua imeanza na jembe linamngoja. Wapo ng'ombe wanaobaki na nywele ndefu na kuhema juani miezi mingi baadaye. Hao huwa hawanenepi, na mnunuzi huwatambua kwa mbali.

Mbuzi na kondoo nao huambukizwa, ila dalili zao ni hafifu mno. Mbuzi anaweza kuchechemea siku mbili akapona bila mtu kugundua, na kumbe katika siku hizo mbili amepakiwa kwenye pikipiki na kufikishwa mnadani. Ngamia si rahisi kuambukizwa, na punda haugui kabisa. Kuhusu watu hakuna haja ya hofu: ugonjwa wa watoto unaoleta vipele mikononi, miguuni na mdomoni unatokana na virusi vingine na hauhusiani na ng'ombe. Maziwa yachemshwe, kama inavyopasa siku zote.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mgumu kudhibiti ni kwamba si mmoja. Duniani zimetambuliwa aina saba za virusi vyake. Kenya inasumbuliwa na nne: O, A, SAT 1 na SAT 2. Aina ya C, ambayo zamani ilikuwepo, ilionekana mara ya mwisho duniani mwaka 2004, nchini Kenya na Brazil. Mnyama aliyepona aina ya O hana kinga dhidi ya SAT 1. Chanjo nayo ni hivyo hivyo: ya aina moja haizuii nyingine. Kwa macho aina zote nne zinafanana, udenda ni ule ule na kuchechemea ni kule kule. Hakuna mfugaji wala daktari, hata awe mzoefu namna gani, anayeweza kuzitofautisha akiwa amesimama zizini. Ni maabara tu.

Maabara nayo inategemea lengelenge. Sampuli bora kuliko zote ni kipande cha ngozi ya lengelenge ambalo halijapasuka, au lililopasuka muda huo huo. Kipande hicho huwekwa kwenye kichupa chenye kimiminika maalumu na kuhifadhiwa ndani ya kasha la barafu. Katika Pwani ipo maabara ya uchunguzi wa mifugo ya kanda, Mariakani. Kazi ya kutambua aina ya virusi hufanywa na maabara ya kitaifa ya ugonjwa huu iliyoko Embakasi, Nairobi. Virusi hujaa kwenye ngozi hiyo katika siku tatu au nne za kwanza, kisha hupungua. Mfugaji akisubiri wiki nzima aone kama chumvi na magadi vitasaidia, ofisa atakuta vidonda vinavyopona. Atajua kwamba ugonjwa umepita, asijue ni aina gani, na asipojua aina hawezi kusema kwa uhakika chanjo ipi ipelekwe kwa majirani. Kwa hiyo simu inayopigwa siku ya pili na ile inayopigwa siku ya kumi hazina thamani sawa hata kidogo.

Simu ikipigwa kwa ofisa wa mifugo wa wadi, au kwa chifu au mzee wa kijiji naye akaipeleka mbele, ofisa hufika, hukagua, huchukua sampuli na kutuma taarifa kwa simu yake kupitia mfumo wa kitaifa wa kufuatilia magonjwa ya wanyama, unaojulikana kwa kifupi kama KABS. Taarifa hiyo huonekana kwa wataalamu wa kaunti na wa Nairobi. Taarifa tatu zenye dalili sawa zikitoka sehemu tatu za njia moja, hata kama kila mfugaji alidhani tatizo ni lake peke yake, ramani huanza kueleza virusi vinaelekea wapi. Maswali ya ofisa huenda mbali kuliko zizi: mnyama huyu alinunuliwa wapi, alinyweshwa wapi wiki iliyopita, nani alikuja na ng'ombe wageni, nani ameuza tangu wakati huo? Majibu ya maswali hayo husaidia kuliko dawa, kwa kuwa dawa ya kuua virusi hivi ndani ya mnyama haipo. Anayeuza sindano kwa ahadi ya kuponya ugonjwa wa miguu na midomo anauza kitu kingine. Daktari anaweza kutibu vidonda vilivyoingia usaha, na mfugaji anaweza kumpa mnyama kivuli, maji karibu na majani laini. Basi.

Sheria ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364 ya sheria za Kenya, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa, au anayeshukiwa kuwa mgonjwa, atoe taarifa mara moja na amtenge na wengine. Wanaoijua sheria hii ni wengi, wanaoitii ni wachache zaidi, na sababu haijifichi. Baada ya taarifa huja karantini. Mnada hufungwa, vibali vya kusafirisha mifugo husimamishwa, na mwenye karo ya kulipa mwezi huo hubaki na ng'ombe asioweza kuuza. Karantini haimrudishii pesa za soko alilokosa. Ni rahisi kumlaumu mfugaji anayenyamaza na kuwauza upesi wale ambao hawajaanza kudondosha udenda. Ni vigumu zaidi kukaa mahali pake.

Hata hivyo hesabu yake huwa pungufu. Ng'ombe anayeuzwa kwa haraka hivyo hupelekwa mnadani na virusi mwilini, husimama ubavuni mwa ng'ombe mia, na jioni hao mia huenda njia kumi tofauti. Karantini ambayo ingefunga kijiji kimoja au viwili sasa inafunga wadi kadhaa, pengine na kaunti jirani, kwa muda mrefu zaidi. Yule aliyeuza wawili anabaki na kumi asioweza kuuza. Ugonjwa ukishikwa ndani ya zizi moja, eneo linalofungwa huwa dogo, na chanjo ya kuzunguka eneo hilo hupata nafasi ya kufanya kazi. Chanjo haikingi siku hiyo hiyo: mwili wa mnyama huhitaji wiki moja au zaidi kujenga kinga. Virusi vikiwa vimeshatoka nje ya duara, wachanjaji huwa wanavikimbilia kwa nyuma.

Nchi nyingine zimechagua njia kali zaidi. Uingereza mwaka 2001 iliua mifugo zaidi ya milioni 6 ili kuumaliza mlipuko mmoja. Kenya haifanyi hivyo, wala haiwezi: virusi viko nchini siku zote, na nyati wa mbugani hubeba aina za SAT kwa miaka bila kuugua. Tsavo iko mlangoni mwa Mackinnon Road. Kwa hapa udhibiti maana yake ni kupunguza mwendo wa mifugo inayoshukiwa, kujua aina ya virusi, na kuchanja kwa wakati.

Wazee hukumbuka sotoka, nao huuliza kwa haki: ile ilimalizwa, kwa nini hii isimalizwe? Sotoka ilionekana Kenya mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba imetokomezwa. Lakini chanjo moja ya sotoka ilifaa kwa virusi vyake vyote na kinga yake ilidumu maisha. Kinga ya chanjo ya miguu na midomo hupungua baada ya miezi sita hivi. Ng'ombe hupaswa kuchanjwa walau mara mbili kwa mwaka, na ndama anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji kurudiwa baada ya mwezi mmoja hivi. Ng'ombe aliyechanjwa mwaka jana, kwa ugonjwa huu, ni kama hajachanjwa.

Chanjo inayotumika nchini hutengenezwa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, Embakasi. Mpango wa kitaifa uliotangazwa mwishoni mwa 2024, wa kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa huu na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya tauni ya mbuzi, ulizua maneno mengi, na wapo waliokataa wanyama wao waguswe. Maswali ni haki ya mwenye mali. Jibu la msingi ni hili: virusi vilivyo ndani ya chanjo vimeuawa, na virusi vilivyokufa haviwezi kumtia mnyama ugonjwa. Anayeanza kudondosha udenda siku chache baada ya kuchanjwa alikuwa ameshaambukizwa. Kuna tahadhari moja ambayo mfugaji ana haki ya kuidai: wachanjaji wanaotoka zizi hadi zizi waoshe viatu na wabadilishe sindano, maana matope ya zizi moja hubeba virusi hadi jingine. Chanjo pia ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafirishwa mchana kutwa bila barafu si chanjo tena.

Soko la ng'ambo nalo linatazama. Wanunuzi wa nchi za Ghuba hudai ushahidi kwamba mnyama hakutoka eneo lenye ugonjwa, na ndiyo maana ya karantini kama ya Bachuma. Mapema mwaka 2025 aina ya SAT 1 iligunduliwa Iraq, kisha Kuwait, na uchunguzi ulionyesha kwamba inafanana na virusi vya Afrika Mashariki. Habari kama hiyo humfikia mnunuzi haraka kuliko lori.

Kwa mfugaji wa Mackinnon Road, Taru au Samburu, mambo ya kufanya si mengi. Mnyama mpya akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Anayenunua adai kibali cha kusafirisha, na anayeuza akiombe kwa ofisa wa mifugo kabla ya kupakia, kwani ng'ombe asiye na kibali huenda akasimamishwa barabarani na kurudishwa kwa gharama ya mwenyewe. Udenda au kuchechemea kukionekana kwa mmoja tu, kundi lote, pamoja na mbuzi, libaki nyumbani na lisipelekwe silangani. Anayewahudumia wagonjwa asiende kukamua kwa jirani kwa viatu vile vile. Virusi hivi havistahimili magadi makali wala uchachu mkali, na ofisa ataeleza kipimo cha kuoshea viatu na vyombo. Lengelenge lisipasuliwe wala kupakwa kitu kabla ya ofisa kufika. Simu ipigwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili.