Askofu Weston: Mjerumani na Mwingereza Katika Mizani Moja

Wanaomsifu Frank Weston kwa kufungua njia ya Injili Korogwe na Handeni wanampa sifa ya wengine. Alipowekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wamekwisha kufika Magila takriban miaka 40 kabla yake. Sifa yake mwenyewe iko katika jambo gumu zaidi: kuuita utumwa kwa jina lake hata pale wanaoutenda walipokuwa Waingereza wenzake. Dayosisi yake ilikuwa na mabwana wawili, Mwingereza kule Unguja na Mjerumani huku bara. Huku mashamba ya walowezi yalidai mikono mingi, na hamsa ishirini, yaani viboko 25, ilikuwa adhabu ya kawaida. Wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, tangu 1907 ilimtaka mwanamume awe na kadi ya kazi na atumikie mzungu siku 30 kila miezi minne.

Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe na Handeni. Mwaka 1918 Weston akamwandikia Smuts barua ya wazi, iliyochapwa kwa jina lenye maana ya “Watumwa Weusi wa Prussia”, akipinga watu wa huku bara kurudishwa chini ya Mjerumani. Hapa mpinzani ana haki ya kusema kwamba Uingereza ilitaka koloni lile, na askofu akaipa sababu ya kulichukua. Barua ingekuwa peke yake, ningekubali. Lakini mwaka uliofuata Gavana Northey wa nchi iitwayo leo Kenya aliwaagiza maofisa na machifu wasukume watu kwenda mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda waliona heri shuruti iwekwe kisheria na kusimamiwa. Weston akakataa shuruti yenyewe, na mwaka 1920 akatoa kijitabu kilichowaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Mtumishi wa propaganda angenyamaza, kwa kuwa vita vilikwisha na upande wake ulishinda. Mwaka 1921 London iliagiza maofisa waache kuwatafutia walowezi vibarua.

Dhidi ya Weston iko hoja nzito kuliko hiyo ya propaganda. Mwaka 1916 Weston mwenyewe alikusanya wapagazi wa Zanzibar na kuwaongoza vitani akiwa na cheo cha meja, katika vita vilivyoua wapagazi kwa maelfu mengi. Alitembea nao kwa miguu, ndiyo, lakini mzigo ulikuwa vichwani mwao. Sioni namna ya kulifuta doa hilo, wala halifuti alichokiandika baadaye.

Weston alifariki Hegongo, jirani na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Walimu wa historia wa Korogwe na Handeni, someni na wanafunzi wenu barua ya 1918 pamoja na kijitabu cha 1920; msiisome moja bila mwenzake.